Ukifika Sarajevo, Anza na Soko

Watu wetu wanaokwenda kutembea Ulaya huwa na orodha ileile: London, Paris, Roma, na mwenye nafasi zaidi huongeza Amsterdam. Sina ugomvi na miji hiyo, ila ni ghali, imejaa watu, na mgeni hutumia nusu ya likizo yake akiwa kwenye foleni. Makala haya yamlenga yule mwenye siku nne au tano mkononi, pengine anapitia Istanbul, au anaishi Ujerumani au Muscat na anatafuta mahali pa kwenda kupumzika. Namshauri aende Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina.

Ushauri wenyewe ni mfupi: usianze na vita. Wageni wengi wanalijua jina la Sarajevo kwa sababu ya mzingiro wa miaka ya 1990, na wauzaji wa ziara hawalazi damu. Kabla hujafungua begi umeshapewa karatasi ya ziara ya mahandaki na makaburi. Ukikubali, utaondoka na picha ya mji wa maiti. Tembea kwanza sokoni, unywe kahawa, uwaone watu wanavyoishi na wanavyotaniana. Siku ya tatu ndiyo uende kuona walichofanyiwa. Hapo utaelewa ni kitu gani hasa kilichokusudiwa kuvunjwa.

Kwanza karatasi. Bosnia haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen. Jambo hili huwaponza wengi. Mtu ana viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, anatoka Vienna kwenda Sarajevo, na akitaka kurudi Vienna kupanda ndege ya nyumbani anakuta viza imeshatumika. Kama safari yako inaanzia na kuishia Schengen, omba viza ya kuingia mara nyingi, kisha uliza ubalozi wa Bosnia kama viza hiyo inakutosha kuingia kwao au unahitaji nyingine. Anayepitia Istanbul hana usumbufu wa Schengen, lakini masharti ya Bosnia yenyewe yanabaki palepale. Ukishafika, kumbuka kuwa mgeni hutakiwa kusajiliwa polisi. Hoteli na nyumba za wageni hulifanya hilo zenyewe. Ukilala kwa rafiki, mkumbushe.

Sarajevo ni mji rahisi kuusoma. Umelala ndani ya bonde jembamba kati ya milima, na mto Miljacka unapita katikati kutoka mashariki kwenda magharibi. Mji umekua kuufuata mto. Mashariki kabisa ni Baščaršija, soko la Waturuki wa Milki ya Osmani lililoanza karne ya 15. Ukitembea robo saa kuelekea magharibi umeingia mji wa Austria-Hungaria, waliouchukua mwaka 1878. Mbele zaidi ni maghorofa ya zege ya enzi za Yugoslavia ya rais Tito. Kwenye barabara ya Ferhadija kuna mstari chini, pale soko la zamani linapoishia na majengo ya Kizungu yanapoanza. Simama juu yake. Ukitazama mashariki unaona minara ya misikiti na mapaa mafupi ya vigae. Geuka magharibi na ungeapa uko Vienna.

Tafuta malazi karibu na Baščaršija hata kama chumba ni kidogo, kwa sababu asubuhi ya saa moja, kabla makundi ya watalii hayajashuka, soko ni lako. Nenda kwenye Sebilj, kibanda cha mbao cha maji ya kunywa kilichosimama kwenye uwanja wa njiwa. Cha kwanza kilijengwa mwaka 1753. Hiki cha sasa ni cha 1891. Kutoka hapo ingia Kazandžiluk, uchochoro wa wafua shaba, na utasikia nyundo. Wapo mafundi wanaofua kweli na wapo wauza duka tu, na namna ya kuwatofautisha ni rahisi: tafuta aliyekalia kigoda na ana alama za masizi vidoleni. Bei yake itakuwa juu kidogo na haishuki sana ukibembeleza, lakini birika lake halitavuja.

Sasa inua macho uangalie mnara wa saa ulio karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg. Watalii huiangalia ile saa, huangalia simu zao, kisha hucheka wakidhani imeharibika. Wewe usicheke. Saa hiyo huhesabu siku kuanzia magharibi: jua likizama, mishale inasoma kumi na mbili. Ndivyo tunavyohesabu sisi. Msomaji wa Lamu au Tabora ataielewa ile saa upesi kuliko profesa kutoka Oxford. Tofauti ni kwamba kwetu, karibu na ikweta, jua huzama wakati uleule karibu mwaka mzima, ilhali Sarajevo hulaza jua baada ya saa kumi jioni mwezi Desemba na karibu saa mbili na nusu usiku mwezi Juni. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupanda mnarani kuirekebisha mara kwa mara. Kazi hiyo ipo hadi leo, na mwenye kuifanya huitwa muvekit.

Msikiti wenyewe ulijengwa karibu mwaka 1530 na gavana Gazi Husrev-beg, ambaye kaburi lake limo uani. Wageni wasio wa swala huruhusiwa kuingia kwa saa maalumu nje ya nyakati za sala; mwanamke abebe mtandio, na wote wavae nguo za kusitiri. Mwislamu anayetaka kuswali ataingia kama anavyoingia msikiti wowote.

Hatua chache kutoka hapo ni maktaba ya Gazi Husrev-beg, iliyoanzishwa mwaka 1537, na ambayo sasa ina jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2014. Wageni wengi huipita. Usiipite. Ina hati za mkono kiasi cha 10,000, za Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na Kibosnia. Wakati wa mzingiro wafanyakazi wake walizihamisha kutoka mahali hadi mahali, nyingine zikiwa ndani ya maboksi ya ndizi, wakivuka mitaa iliyokuwa ikilengwa na wadunguaji. Mkurugenzi wa maktaba wakati huo aliitwa Mustafa Jahić. Kati ya waliobeba maboksi alikuwamo mlinzi wa usiku, mzaliwa wa Kongo, Abbas Lutumba Husein. Mji ule ulipokuwa unakimbiwa na wenye pasi nzuri, Mwafrika alibaki akiokoa Misahafu na vitabu vya wenyeji wake. Kisa hicho kimetengenezewa filamu, lakini ukiuliza mtaani kwetu ni wachache wanaokijua. Kwangu mimi hicho peke yake kinatosha kukupeleka pale.

Ukitoka maktaba utakuwa unahitaji kahawa. Ya Bosnia huletwa kwenye sinia ndogo ya shaba: kibirika chenye mkono mrefu kiitwacho džezva, kikombe kisicho na mkono kiitwacho fildžan, vipande vya sukari, kipande cha rahat lokum, na glasi ya maji. Usimimine mara moja. Shika kijiko, koroga povu lililo juu taratibu hadi lizame kidogo, chota povu jingine ulitie kikombeni, ndipo umimine kahawa juu yake. Sukari haitiwi kikombeni. Unaichovya pembe, unaing'ata, kisha unapiga funda. Kibirika kimoja hutoa vikombe viwili au vitatu na hakuna atakayekuinua kwenye kiti. Mtu wa barazani atajisikia nyumbani. Ila jiandae kwa moshi wa sigara, maana Wabosnia wanavuta mno. Kama huwezi, kaa nje.

Chakula hakitakusumbua, na asiyekula nguruwe yuko salama zaidi hapa kuliko karibu mji mkuu wowote wa Ulaya. Migahawa mingi ya Baščaršija ni ya halali na mingi haiuzi pombe. Ukitoka nje ya soko la zamani, uliza. Cha kwanza kula ni ćevapi, vipande vya nyama ya kusaga vilivyochomwa mkaani, vikaletwa ndani ya mkate laini uitwao somun pamoja na kitunguu kibichi. Huuzwa vitano au kumi. Mtu mzima mwenye njaa aagize kumi na mtindi wa kunywa. Cha pili ni pita, unga uliokandwa ukavutwa hadi ukawa mwembamba kama karatasi, ukajazwa na kuviringwa. Tafuta duka linalopika kwa sač, yaani chini ya kifuniko cha chuma kilichopaliwa makaa juu, kama mkate wa kumimina unavyopaliwa jikoni kwetu. Hapa kuna mtego: burek ni ya nyama peke yake. Ya jibini ni sirnica, ya mchicha ni zeljanica, ya viazi ni krompiruša. Mwambie mwenyeji wa Sarajevo unataka burek ya jibini na utapewa hotuba kabla ya kupewa chakula.

Alasiri ya siku ya kwanza au asubuhi ya pili, shuka mtoni kwenye Vijećnica, lile jengo la mistari ya manjano na nyekundu lililofunguliwa mwaka 1896 kama ukumbi wa mji. Waaustria walilijenga kwa mtindo waliodhani utawapendeza Waislamu, wakaiga majengo ya Wamori wa Hispania na ya Misri, mtindo usiokuwa wa Bosnia. Hata hivyo limetokea kuwa zuri. Baadaye lilikuwa maktaba ya taifa, likapigwa makombora usiku wa Agosti 1992 na sehemu kubwa ya vitabu vyake ikateketea. Lilifunguliwa tena mwaka 2014. Lipa kiingilio, tazama dari la kioo cha rangi, kisha vuka mto hadi Inat kuća, Nyumba ya Ukaidi. Inasimuliwa kuwa mwenye nyumba hiyo aliambiwa abomoe kupisha ujenzi wa Vijećnica. Akakataa hadi alipwe mfuko wa dhahabu na nyumba yake ihamishwe ng'ambo ya mto, tofali kwa tofali. Leo ni mgahawa.

Rudi ng'ambo ya soko ufuate mto kuelekea magharibi. Njia hiyo unayotembea ndiyo aliyopita Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, tarehe 28 Juni 1914. Asubuhi ile alikuwa ameshatupiwa bomu akanusurika. Alitoka Vijećnica akiwa na mkewe Sophie, dereva hakuambiwa kuwa njia imebadilishwa, akakata kona pale Daraja la Kilatini. Alipoelezwa kosa akasimamisha gari kurudi nyuma, na lilisimama mbele ya Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19 mwenye bastola, aliyewaua wote wawili kwa risasi. Kona ile ni nyembamba kuliko unavyofikiria. Ipo makumbusho ya chumba kimoja na maandishi ukutani, basi.

Mauaji hayo ndiyo yaliyowasha Vita Kuu ya Kwanza, na watalii wa Ulaya hupiga picha pale wakiwaza medani zake za Verdun na Somme. Wewe waza Tanga. Wiki chache baada ya risasi zile meli ya Kiingereza iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na Novemba 1914 majeshi yakapambana Tanga. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya Waingereza waliitwa kwa jina la kikosi chao, na jina hilo tunalo bado: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, sasa Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kama babu yako mkuu aliondoka nyumbani akiwa amebebeshwa mzigo asirudi, safari yake ilianzia kwenye kona hii. Jipe dakika kumi hapo.

Kwa dini, mji huu hukupa kwa saa moja kile ambacho kwingine kingekuchukua wiki. Ndani ya mita mia chache kuna msikiti, kanisa la zamani la Waorthodoksi, kanisa kuu la Wakatoliki la mwaka 1889, na sinagogi la mwaka 1581 ambalo sasa ni makumbusho ya Wayahudi, watu waliofika huku baada ya kufukuzwa Hispania mwaka 1492. Kitabu chao mashuhuri, Haggadah ya Sarajevo, kimo katika Makumbusho ya Taifa. Wakati wa Wanazi kilifichwa na mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut. Maelewano hayo yana nyufa zake, na mwenyeji atakuambia mwenyewe ukikaa naye. Usiyatangaze kama hadithi tamu mbele yake.

Siku ya tatu, vita. Kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalikuwa juu ya milima ile mizuri uliyopiga picha, yakiwalenga watu walio bondeni. Mwaka 2012 wenyeji walipanga viti vyekundu 11,541 katikati ya barabara kuu, kimoja kwa kila aliyeuawa. Ushauri wangu ni maeneo matatu, basi. La kwanza ni handaki la Butmir, Tunel spasa, kama mita 800, lililochimbwa chini ya uwanja wa ndege mwaka 1993 kupitisha chakula, silaha na majeruhi. Leo utainama na kupita sehemu fupi tu. Panda tramu namba 3 hadi kituo cha mwisho, Ilidža, kisha teksi, na sisitiza mita iwashwe. Ukirudi Ilidža tembea ile njia ndefu ya miti hadi Vrelo Bosne, chemchemi ya mto Bosna, maana baada ya handaki mtu anahitaji kuona maji na bata.

La pili ni Makumbusho ya Utoto Vitani, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Hakuna mizinga wala ramani humo. Kuna vitu vya watoto, kila kimoja na maelezo mafupi ya mwenyewe. Ukiwa na watoto wako wa miaka kumi na zaidi, wapeleke. Wataelewa kuliko wewe. La tatu ni soko la Markale, ambalo bado ni soko la mboga. Kombora liliua watu 68 pale Februari 1994, na jingine likaua 43 Agosti 1995. Majina yameandikwa ukutani kwa nyuma, mbele yake akina mama wanauza nyanya. Nunua nyanya.

Ukiwa barabarani utaona mashimo ya makombora yaliyojazwa rangi nyekundu, yanaitwa mawaridi ya Sarajevo. Usipige picha ya kuchekacheka juu yake. Na usimuulize mtu uliyekutana naye dakika tano zilizopita amepoteza nani. Akitaka atakuambia, na mara nyingi atakuambia kwa mzaha mchungu. Ushahidi wa mzaha huo uko nyuma ya Makumbusho ya Historia: sanamu ya kopo kubwa la nyama, shukrani za wananchi kwa jumuiya ya kimataifa iliyowaletea nyama ya kopo ya msaada, ambayo wenyeji husema hata paka waliikataa.

Baada ya hapo panda mlima Trebević kwa gari la waya. Njia yake ilivunjwa vitani na ikarudi kazini Aprili 2018. Juu kuna njia ya zege iliyojengwa kwa mashindano ya sleji ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1984, sasa imejaa michoro ya rangi, na unaweza kuifuata kwa miguu. Katika Olimpiki hiyo Lamine Guèye wa Senegal alishindana kuteleza kwenye theluji, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Jambo moja silifanyii utani: usitoke kwenye njia iliyozoeleka ukaingia porini. Mabomu ya kutegwa ardhini bado yapo Bosnia, na ukiona kibao chekundu chenye fuvu, rudi ulikotoka kwa nyayo zako.

Jioni panda hadi Žuta tabija, ngome ya manjano, juu ya makaburi ya Kovači. Mwezi wa Ramadhani mzinga hupigwa pale magharibi ikiingia, na familia nzima huwa zimekaa nyasini na futari zao. Kwa msafiri wa Kiislamu sijui wakati mzuri zaidi wa kwenda.

Kwa wengine, miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Agosti kuna tamasha la filamu, lililoanza mwaka 1995 mji ukiwa bado umezingirwa, na vyumba huwa adimu. Desemba na Januari moshi wa majiko hunaswa bondeni pamoja na ukungu, hewa inachafuka vibaya na ndege huahirishwa. Mwenye pumu asiende. Mtu mweusi atatazamwa, hasa mitaa ya mbali na soko, kwa sababu weusi ni wachache huko. Salimia kwanza, “dobar dan”, na mengi yatanyooka. Ukibakiwa na siku moja, panda treni ya kwenda Mostar, upande wa dirisha. Saa kama mbili za milima na mto Neretva zinatosha hata kama daraja mashuhuri la Mostar lisingekuwepo.

Fedha yao inaitwa marka, alama yake KM, na imefungwa kwa euro: karibu marka mbili kwa euro moja. Beba fedha taslimu kwa ajili ya masoko, tramu na migahawa midogo. Zikibaki, zibadilishe kabla hujapanda ndege, maana nje ya Bosnia utahangaika kumpata wa kuzipokea.